Mtoto kazaliwa na arosto: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa mama, nyanya na yeyote anayekaa na mtoto

Kila wiki napata meseji zile zile. "Dada, wifi yangu anatumia unga (heroini) na ana mimba ya miezi saba, mtoto atatoka teja?" "Mtoto wa mdogo wangu analia tangu juzi halali, mama mkwe anasema ni dege, tumpeleke kwa mwalimu amsomee?" "Niko kwa methadoni (dawa ya kliniki inayochukua nafasi ya unga), ninyonyeshe ama nisinyonyeshe?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, sasa nimeamua niandike yote pahali pamoja, ukiulizwa na mwenzako mtumie hii.

Mimi si daktari. Ni mtu wa kujitolea tu hapa Mombasa, nasindikiza kina mama kliniki, na mjukuu wa dadangu nilimlea mimi kuanzia siku ya tisa, huyo ndiye aliyenifundisha mengi ya haya. Kwa hivyo soma, uelewe, lakini dawa na vipimo ni vya hospitali.

Nadharia kidogo tu halafu tuanze. Mama akitumia heroini, methadoni, kodeini au tramadoli, dawa inapita kwenye kondo inamfikia mtoto tumboni, na mwili wa mtoto unazoea. Siku ya kuzaliwa kitovu kikikatwa na dawa nayo imekatika. Mwili uliozoea unaanza kudai, hiyo ndiyo arosto, ile ile wanayoijua watu wa maskani, ila huyu ana kilo mbili na nusu na hawezi kusema pahali panapomuuma. Na tafadhali tusimwite teja. Teja ni mtu anayeitafuta kete, kile kipakiti cha unga. Huyu hatafuti kitu, mwili wake tu ndio unaozoea upya, na arosto ya mtoto inatibika na inaisha.

Unahitaji nini kabla ya kuanza

Kusanya hivi mimba ikifika miezi saba, usingoje uchungu uanze:

- Karatasi yenye ukweli wote: anatumia nini, kiasi gani, kwa kuvuta au kujidunga, na mara ya mwisho ni lini. Andika pia sigara, muguka, miraa, pombe, bugizi na C5 (vidonge vya kulevya vya mtaani). Vyote vinahesabika, usiandike unga peke yake.
- Kadi ya methadoni kama yuko kliniki, na namba ya simu ya kliniki hiyo.
- Kitabu cha kliniki cha mama na mtoto.
- Leso nne au tano za zamani zilizolainika, zifuliwe vizuri na zianikwe juani. Mpya ni ngumu zinamkwaruza.
- Thamomita. Zipo kwa duka la dawa, nunua.
- Daftari na kalamu.
- Krimu ya zinki ya upele wa nepi. Usipuuze hii, utanikumbuka.
- Kikombe kidogo safi cha kumnyweshea maziwa yaliyokamuliwa.
- SHA, ile bima ya afya ya serikali, iwe imesajiliwa na inafanya kazi, si ile ya "nitashughulikia kesho".
- Mtu wa pili. Hiki ndicho kitu kikubwa kwenye orodha. Mtoto huyu hawezi kulelewa na mtu mmoja, atakumaliza. Shangazi, shoga, jirani, yeyote mwenye moyo na asiyetumia.

Hatua zenyewe

1. Kama una mimba, usiache unga ghafla.

Najua hii inashangaza watu. Mtu akijua ana mimba anaona aibu, anajifungia ndani anasema naacha leo leo, na familia inampigia makofi. Hatari. Arosto kali kwenye mimba inaweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati, na wengi hawafiki mbali wanarudi kwa unga, tena kwa pupa. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2014 lilisema wazi kwamba mjamzito anayetegemea dawa za jamii hii awekwe kwenye methadoni au buprenofini, dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo, badala ya kukatishwa. Hapa kwetu kuna kliniki ya methadoni Kisauni tangu 2017, na Malindi walitangulia 2015. Kama hujui pa kuanzia ingia ofisi za Reachout au MEWA, mashirika yanayosaidia watumiaji wa dawa, waambie una mimba unataka methadoni, au piga 1192, hiyo ni laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na dawa za kulevya.

Bugizi na C5 nazo usikate ghafla mwenyewe, kuzikata hivyo kunaweza kuleta kifafa. Mwambie daktari azishushe polepole.

Kitu kingine: mimba ikikua, damu ya mama inaongezeka na dozi iliyokuwa inatosha inaanza kuisha mapema, jioni anaona miayo na jasho. Aseme. Dozi inaweza kupandishwa au kugawanywa mara mbili kwa siku. Watu wanadhani dozi kubwa ni mtoto kuteseka zaidi, lakini ukali wa arosto ya mtoto haufuati ukubwa wa dozi ya mama. Kujinyima dozi halafu ukaongezea kete kichochoroni ndiko kunakoumiza.

2. Sema ukweli hospitali, na useme mapema.

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo mambo yanapoharibika.

Binti wa dadangu alificha. Alijifungua salama, mtoto analia vizuri, kila mtu amefurahi, uji wa pilipili manga umeshapikwa. Usiku wa pili mtoto akaanza kutetemeka, analia sauti nyembamba kama paka, hanyonyi. Madaktari wakahangaika, wakachukua damu, wakamweka dawa za maambukizi, wakapima sukari, na walifanya sawa kabisa kwa sababu sukari kushuka na maambukizi ya damu yanafanana na arosto na yanaua haraka. Lakini siku tatu zilipita watu wanatafuta kitu ambacho mama yake alikuwa anakijua. Siku ya nne ndio akaniambia mimi, kwa kunong'ona, nje kwenye benchi.

Kwa hivyo sema. Na useme kwa namba, usizunguke. Namna hii: "Natumia unga miaka minne, navuta, tangu mwezi wa tano niko kwa methadoni Kisauni, jana asubuhi nimekunywa dozi yangu, na natafuna muguka." Basi. Hiyo sentensi moja inabadilisha matibabu yote.

Inabadilisha nini? Mtoto akizaliwa amelegea hapumui vizuri kuna sindano inaitwa naloksoni, inaondoa athari za dawa hizi. Mtoto ambaye mama yake anatumia kila siku akichomwa hiyo anaweza kuingia arosto kali ya ghafla mpaka degedege, kwa hivyo wao wanamsaidia kupumua kwa mfuko na barakoa badala yake. Watajuaje wasipoambiwa? Na mama mwenyewe, kuna dawa za maumivu kama pentazosini ambazo mtu wa methadoni akichomwa arosto inampanda hapo hapo kitandani. Methadoni yake haihesabiki kama dawa ya uchungu, atahitaji dawa ya maumivu kama mwanamke mwingine yeyote, asinyimwe ati "umeshazoea".

Sasa ile hofu. "Watanitukana." Wengine watakutukana, sitakudanganya. Nimesimama kwenye wodi moja nesi anamuuliza mama kwa sauti ya soko, wodi nzima inageuka kuangalia. Ikikukuta omba kuongea na msimamizi wa zamu au ofisa wa jamii wa hospitali, pembeni, na uwe na mtu wako karibu. "Watanichukua mtoto." Kwa niliowasindikiza, mama aliyejitokeza mapema, ana kliniki, ana mtu wa kumsaidia nyumbani, ametoka na mwanawe mkononi. Aliyetoroka wodini usiku ndiye anayetafutwa.

3. Kubali kukaa hospitali siku tano mpaka saba.

Kwetu ukijifungua kawaida kesho yake uko tuktuk unarudi nyumbani. Kwa mtoto huyu hapana. Arosto ya heroini huanza mara nyingi ndani ya saa 24, ya methadoni inachelewa, siku ya pili au ya tatu, na wengine hata baada ya siku tano. Yaani amezaliwa Jumatatu, Jumanne anapendeza kila mtu anasema mashallah, mnaruhusiwa, Alhamisi usiku mko Bombolulu hamna gari na mtoto anatetemeka. Waambie mnataka kukaa aangaliwe.

Ukiwa na uwezo wa kuchagua, zalia hospitali yenye wodi ya watoto wachanga, kama ile kubwa ya rufaa pale Makadara, usizalie nyumbani kwa mkunga wala zahanati inayofungwa jioni.

Na panga mapema methadoni ya mama itamfikia vipi wodini. Kliniki inataka umeze mbele yao kila siku, sasa uko wodini na mshono, utafikaje Kisauni? Hospitali na kliniki wanaongea, wanathibitisha dozi, mama anapewa palepale. Lakini wanaongea wakiombwa. Omba wiki mbili kabla.

4. Zijue dalili.

Kilio chembamba cha juu kisichobembelezeka. Kutetemeka mikono na kidevu, hata akiguswa kidogo tu. Mwili kukaza, miguu kama vijiti. Kulala dakika kumi anashtuka. Chafya mfululizo, miayo, pua kuziba, jasho, joto kupanda, ngozi kuwa na mabaka. Ananyonya ngumi kwa fujo lakini titi akipewa hashiki vizuri, anatapika, anaharisha, makalio yanachubuka. Si lazima awe nazo zote, na si kila mtoto atazipata.

Kutetemeka na degedege watu wanachanganya, kuna njia rahisi: shika mkono unaotetemeka kwa upole, uukunje. Ukitulia, ni kutetemeka. Ukiendelea kuruka mkononi mwako, au macho yamekwenda upande mmoja, au anatafunatafuna hewa na hakuoni, ita nesi hapo hapo. Degedege kwa arosto si la kila mtoto ila lipo, na linatibiwa kwa dawa.

Nyanya atasema dege limempitia. Mheshimu nyanya, msomee mtoto dua, dua haina madhara. Lakini ubani na uvumba kwenye chumba cha mtoto mwenye pua iliyoziba, hapana, na kumtoa wodini kumpeleka kutengenezwa, hapana.

5. Fuatilia vitu vitatu: kula, kulala, kutulia.

Zamani hospitali nyingi duniani zilitumia alama za Finnegan tu, jedwali lililotengenezwa miaka ya 1970 na daktari wa Marekani Loretta Finnegan, kila saa tatu nne unahesabu chafya ngapi, ametetemeka vipi, unajumlisha. Bado linatumika na nesi akija na karatasi hiyo mpe ushirikiano. Lakini siku hizi kuna njia nyepesi ambayo hata wewe unaweza kuifuata. Jiulize: amenyonya vizuri au amekunywa kama mililita 30? Amelala angalau saa moja bila kusumbuliwa? Akilia ametulia ndani ya dakika kumi ukimbembeleza? Utafiti wa hospitali 26 Marekani, uliotolewa 2023, ulionyesha watoto waliofuatiliwa hivi walikuwa tayari kutoka kwa wastani wa siku nane hivi badala ya karibu kumi na tano, na wachache zaidi walihitaji dawa.

Andika kwa daftari kila akila, saa na muda. Daktari akipita asubuhi usimwambie "alisumbua sana usiku", hiyo haimsaidii. Mwambie "tangu saa nne usiku amelala mara tatu, hakuna iliyozidi dakika ishirini, na amenyonya mara mbili tu."

6. Mtulize, kwa mpangilio huu.

Hii ndiyo dawa ya kwanza na inatolewa na wewe.

Kwanza punguza dunia. Taa ya juu izimwe, simu isilie, wageni wa kuona mtoto wakae sebuleni. Najua huku kwetu, mtoto akizaliwa nyumba inajaa watu na vigelegele, kila shangazi anataka kumpakata na kumfinya mashavu. Mwambie mume asimame mlangoni awe mbaya yeye.

Kisha ngozi kwa ngozi. Mtoto na nepi tu, kifuani kwa mama, leso moja juu. Baba pia anaweza, kifua ni kifua. Ukiona unaanza kusinzia mpe mwenzako, usilale naye kifuani.

Ikiwa hayuko kifuani mfunge kwa leso, mikono ikunjwe karibu na mdomo, miguu iwe na nafasi ya kukunja, pasiwe panabana kifua. Leso moja nyepesi! Mombasa ni joto, mwezi wa pili na wa tatu hata ukuta unatoka jasho, na hawa watoto wanapanda joto wenyewe. Hakuna blanketi, hakuna kofia ya sufi, soksi za nini. Feni iwashwe lakini isimpige usoni. Pima joto, kawaida ni 36.5 mpaka 37.5.

Halafu fanya kitu kimoja kwa wakati. Hapa ndipo wengi wanakosea, mtoto analia wanamrusharusha, wanamwimbia, wanampigapiga mgongo, wanamchezea uso, vyote pamoja, naye anazidi. Chagua kimoja. Mjukuu wetu yeye alikuwa anapenda kubebwa wima na kuyumbishwa juu chini polepole, bila kuimbiwa, ukifungua mdomo tu amekasirika.

7. Nyonyesha, isipokuwa ukiambiwa usinyonyeshe.

Mama aliye kwenye methadoni, ametulia, hatumii vya kichochoroni, anyonyeshe. Methadoni inayoingia kwenye maziwa ni kidogo sana, na watoto wanaonyonya arosto yao huwa nyepesi na dawa wanahitaji kidogo. Mwenye virusi vya HIV anayemeza dawa zake vizuri naye ananyonyesha kwa utaratibu wa kliniki, mtoto akipewa kinga yake. Mwenye homa ya ini aina ya C ananyonyesha pia, ila chuchu zikipasuka na kutoa damu asimame upande huo mpaka zipone.

Asiyenyonyesha ni yule bado anatumia unga wa mtaani, maana hakuna anayejua kilichochanganywa kwenye ile kete, au anameza bugizi. Huyo akamue maziwa amwage ili yasikauke, mtoto apewe maziwa mengine kwa ushauri wa hospitali, na akitulia kwenye methadoni aongee na daktari arudi.

Mtoto wa arosto anachoma nguvu nyingi kwa kulia na kukaza mwili, kwa hivyo kidogo kidogo mara nyingi, kila saa mbili au tatu, hata kama ni kumuamsha. Akigoma titi tumia kikombe, taratibu, mcheulishe katikati. Pima uzito kila siku akiwa wodini.

Na usiache kunyonyesha kwa ghafla baadaye. Punguza kwa wiki kadhaa.

8. Dawa ikihitajika, mpe nafasi daktari.

Kubembeleza kukishindwa, haongezi uzito, halali, au kapata degedege, daktari ataanza dawa. Kwa arosto ya unga au methadoni ya kwanza huwa ni mofini ya kunywa au methadoni ya watoto, matone yanayopimwa kwa uzito wake, na ikitulia inashushwa polepole siku kwa siku. Fenobabitoni inatumika pale dawa hizo zikikosekana au hazitoshi peke yake, au mama alikuwa kwenye bugizi na pombe, au haijulikani alitumia nini. Familia zinashtuka: "mnampa mtoto mofini!" Ndio, kipimo kidogo kinachoshuka, akiwa anaangaliwa pumzi.

ONYO, na hili nalisema kwa herufi kubwa: USIMPE MTOTO METHADONI YA MAMA. Wala kwa ncha ya kidole, wala "tone moja tu atulie". Wala unga kwenye fizi, nimesikia na hayo. Pumzi inasimama kimyakimya, unadhani amelala. Na usiende duka la dawa kununua chochote cha kumlaza.

9. Arobaini na dozi ya mama.

Hili silioni likiandikwa popote na ndilo linaloangusha kina mama wetu. Mzazi kwetu anakaa ndani siku arobaini, anakandwa, hatoki. Methadoni inataka kila siku ufike. Sasa nyumbani wanamzuia, "utatokaje na mwili mbichi, majirani watasema nini," siku moja inapita, ya pili, ya tatu arosto imemkamata na kuna mtu amemletea kete mlangoni kwa huruma. Akikosa dozi siku tatu na kuendelea asirudi kudai kile kipimo chake cha zamani, kliniki itamkagua na huenda waanze chini, kwa sababu mwili umeshapunguza uzoefu na dozi ile ile inaweza kumuua. Kwa unga ni vile vile, wengi wanaopoteza maisha ni hawa waliokaa siku kidogo bila.

Kwa hivyo kikao cha familia kifanyike KABLA ya kujifungua. Nani anampeleka, kwa usafiri gani, saa ngapi, nauli ya nani. Tuktuk ije mpaka mlangoni asubuhi, avae buibui lake, arudi kuendelea na arobaini yake. Kama mnatoka Likoni hesabu na foleni ya feri. Mkiulizwa anakwenda wapi, anakwenda kliniki. Si uongo.

10. Nyumbani.

Alale chali, kwenye godoro gumu, peke yake ndani ya neti, bila mto. Kitanda kiwe kando ya mama lakini kisiwe cha mama, hasa saa zile dozi imempanda na macho mazito. Sigara nje kabisa, na shati libadilishwe.

Nepi badilisha mara nyingi, osha kwa maji matupu, kausha kwa kugusagusa, paka zinki nene kama siagi kwenye mkate. Kuchubuka kwa hawa watoto kunafika hadi damu.

Uzito kliniki kila wiki mwanzoni. Chanjo zote kama kawaida. Kwenye wiki ya sita, kama mama ana HIV, kipimo cha mtoto kisirukwe. Macho pia yaangaliwe miezi inayofuata, makengeza hutokea zaidi kwa watoto hawa. Ule usumbufu mdogo mdogo, kushtuka, usingizi wa vipande, unaweza kuendelea miezi minne mpaka sita, unapungua kila mwezi.

Makosa ninayoyaona kila mara

Asali ulimini ili atulie: hapana kabla ya mwaka mmoja, inaweza kuwa na vijidudu vya kumpooza. Maji ya mchango, gripu, maji ya sukari: tumbo lake ni dogo, kila kijiko cha hayo ni kijiko cha maziwa kimepotea. Kumtikisa kwa hasira: hata mara moja inaweza kuvujisha damu kichwani. Na lile la kumtenga mama na mtoto ati mama ni mchafu, mtoto anapelekwa kwa shangazi Mtwapa siku ya pili. Mkimwondoa mama mwenye uwezo wa kumbeba mnaondoa dawa yenyewe.

Mambo yakienda kombo

Analia zaidi ya saa mbili, umejaribu yote. Anza upya: nepi, njaa, joto, leso imebana. Kisha giza na kifua. Ukiona damu inakuchemka mlaze chali kwenye neti, funga mlango, toka barazani dakika tano umwite mtu wa pili. Kulia hakumuui. Akiwa bado hivyo na hanyonyi, hospitali.

Ananyonya kwa pupa halafu anatapika. Mlishe kabla hajaanza kulia kwa njaa, kidogo, mcheulishe kila baada ya dakika chache, mshike wima nusu saa. Matapishi ya kijani ni dharura, usingoje asubuhi.

Amelegea, amelala sana, haamki kunyonya. Watu wanafurahi "leo ametulia." Usifurahi. Mkwaruze nyayo kwa kidole, hesabu pumzi dakika nzima. Asipoamka, au pumzi zinakatika, au midomo imebadilika rangi, beba kimbia. Sema kama kuna uwezekano amepata dawa yoyote, hata kama ni aibu ya mtu.

Anapumua haraka zaidi ya 60 kwa dakika akiwa ametulia, au joto limefika 38. Hospitali, usimalize kujiambia ni arosto, maambukizi yanakuja na sura hiyo hiyo.

Alikuwa nafuu, dawa imeshushwa, dalili zimerudi. Inatokea. Wapigie, wanaweza kurudisha hatua moja wakashuka polepole zaidi. Usiache dawa mwenyewe wala usirudishe mwenyewe.

Mama amerudi kwa unga. Mtoto asinyonye kwanza, mtu wa pili ashike mtoto, mama apelekwe kliniki siku hiyo hiyo, asifukuzwe nyumbani. Tuligombana sana nyumbani kwetu juu ya hili. Binti wa dadangu alirudi mara mbili.

Chafya. Kila siku mtu ananiuliza juu ya chafya. Akipiga chafya nyingi na pua imeziba, anapumua vizuri na ananyonya, weka tone la maji ya chumvi ya duka la dawa kwenye kila pua kabla ya kumnyonyesha, umwache.